Mashimo tisa yanatosha. Lango ndilo jembamba

Barua iliyonifikia ni ya dada mmoja, mweka hazina wa klabu ya gofu huku magharibi mwa Kenya. Kwa ufupi anasema hivi:

"Mwalimu, salamu. Klabu yetu ina mashimo tisa tangu enzi za mkoloni. Waliolipa ada ya mwaka huu hawafiki nusu ya waliokuwa wakilipa zamani. Dizeli imepanda, na mashine ya kukata nyasi za grini (zile fupi za kuzunguka shimo) inasubiri kipuri kutoka nje. Kamati imegawanyika. Kuna wanaotaka tukope, tununue shamba la jirani na tufikishe mashimo 18 ili tupate mashindano makubwa na wafadhili. Kuna wanaotaka tumkodishie mwekezaji kipande cha kando ya barabara, tubaki na mashimo sita mafupi. Waliobaki wanasema tuvumilie hivi hivi. Niambie ukweli: uga mfupi una maisha katika uchumi huu, au tunaahirisha mazishi tu?"

Dada, pole na mzigo huo. Mweka hazina huona hatari kabla ya wenzake, na mara nyingi hulaumiwa kwa kuitaja.

Nakupa jibu kwanza, sababu zitafuata. Msinunue shamba la jirani, msikodishe kipande cha barabarani, wala msivumilie hivi hivi. Bakini na mashimo yenu tisa. Ndani ya uga huo huo tengenezeni mzunguko wa pili, mfupi, na muuzieni mtu asiye mwanachama kwa bei anayoweza kuilipa kwa simu akiwa amesimama langoni. Uga mfupi una maisha, tena huku kwetu una maisha kuliko sehemu nyingi. Lakini ufupi peke yake hautibu kitu. Klabu fupi inayodai ada ya kujiunga, mapendekezo ya wanachama wawili na mahojiano ya kamati kabla mtu hajagusa mpira itakufa kama klabu ndefu, ila tu itakufa kwa gharama ndogo.

Nianze na wenzenu wa 18, maana wao ndio wanaoweza kuwaingiza kwenye deni. Hoja yao ya chini kwa chini ni kwamba tisa ni nusu ya klabu. Sivyo. Uga mkongwe wa St Andrews kule Scotland ulikuwa na mashimo 22 hadi mwaka 1764, ndipo mashimo ya mwanzo yakaunganishwa na jumla ikawa 18. Mashindano ya kwanza kabisa ya The Open, ubingwa wa wazi wa Uingereza, mwaka 1860, yalichezwa Prestwick kwenye uga wa mashimo 12. Wachezaji wanane waliuzunguka mara tatu kwa siku moja na mshindi akapatikana. Kumi na nane ni mazoea yaliyoenea baadaye.

Na huku kwetu mazoea ni tisa. Kericho ni tisa. Nandi Bears kule Nandi Hills ni tisa, Kakamega Sports Club ni tisa, na hapa jirani yangu Njoro Country Club ni tisa. Nakuru tuna 18, lakini Nakuru ni jiji. Walowezi na makampuni ya majani chai walijenga viwanja hivi kwa watu wachache waliotaka kucheza karibu na kazi zao, na mwenye hamu ya 18 akazunguka mara mbili, safari ya pili akianzia tii nyingine, yaani mahali pengine pa kupigia mpira wa kwanza wa shimo. Mfumo huo haujawahi kuzuia kipaji. Dismas Indiza, mmoja wa wachezaji wa kulipwa wanaojulikana zaidi nchini, ni mtu wa Mumias, si wa klabu kubwa za Nairobi kama Muthaiga au Karen.

Zamani wenye 18 walikuwa na hoja moja nzito, nayo ni handikapu, ile namba inayopima uwezo wa mchezaji. Mchezaji makini anataka alama zake zihesabiwe. Hoja hiyo sasa imepungua uzito. Mfumo mmoja wa handikapu wa dunia ulianza mwaka 2020, na unapokea alama za mashimo tisa. Marekebisho ya mwaka 2024 yalikwenda mbali zaidi: ukicheza tisa leo, alama zako zinaingia leo, hakuna haja ya kungoja tisa nyingine ili ziunganishwe. Tena uga wa mashimo tisa mafupi unaweza kukadiriwa rasmi, ili alama zake ziingie kwenye handikapu, iwapo urefu wake wote unafika mita 685. Gawanya kwa tisa upate wastani wa mita 76 kwa shimo. Soma tena takwimu hiyo, dada, kisha uipeleke kwenye kamati, kwa sababu ndiyo inayoua pia pendekezo la mashimo sita. Raundi ya chini ya mashimo tisa haihesabiki. Mkibaki na sita mmewafukuza wachezaji wenu makini, na hao ndio wanaolipa ada bila kukumbushwa.

Kuhusu wafadhili sitasema mengi. Mfadhili hulipia siku moja, nyasi humea siku 365. Makampuni yanapokaza mkanda, bendera za mashindano ndizo za kwanza kushushwa. Sisi wa huku tunajua pia jinsi mji unaotegemea mwajiri mmoja unavyoweza kupooza: kampuni ya sukari ya Mumias iliwekwa chini ya meneja mrasimu, msimamizi anayewekwa kwa niaba ya wadai, Septemba 2019, na kila kilichoishi kwa mishahara ya kiwanda kile kikatikisika. Ukikopa kwa kutegemea wafadhili, umekopa kwa jina la mtu ambaye hajaweka sahihi.

Sasa tufike kwenye pesa, kalamu mkononi.

Grini ya kawaida ina takriban mita za mraba 500. Grini tisa ni mita za mraba 4,500, yaani ekari moja na kidogo. Njia za katikati, zile nyasi zinazokatwa fupi kati ya tii na grini, tuzikadirie kwa mashimo saba marefu, kila moja mita 250 kwa upana wa mita 30. Hizo ni mita za mraba 52,500, kama ekari 13. Kilichobaki ni nyasi ndefu, miti na vichaka.

Tazama jasho linakwenda wapi. Ile ekari moja ya grini hukatwa karibu kila siku, milimita nne au tano kutoka ardhini, kwa mashine ya visu vya silinda ambavyo lazima vinolewe na kupimwa na mtu anayejua. Hutiwa mchanga, hutobolewa ili mizizi ipumue, hunyweshwa Januari na Februari, hulindwa na ukungu mvua ikizidi. Kwa kila tone la dawa na kila kipuri mnalipa kwa bei ya dola. Shilingi ilipofika karibu 160 kwa dola moja Januari 2024, klabu nyingi ziliacha kuagiza. Iliporudi karibu 129, mashine zilikuwa zimeshazeeka. Ekari 13 za njia za katikati, kwa upande mwingine, hukatwa mara mbili kwa wiki, mara moja wakati wa kiangazi, na kijana mmoja mwenye trekta. Gharama yake kubwa ni mafuta, na mafuta yalipandishwa kodi ya VAT kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023.

Kwa hiyo anayesema "tufupishe mashimo tuokoe pesa" anaokoa dizeli. Fundi wa grini habadiliki. Grini tisa zina gharama ya grini tisa, shimo liwe la mita 90 au la mita 400. Mtu asiyelijua hili atakata uga vipande, halafu mwisho wa mwaka atashangaa kuona matumizi yameshuka kidogo huku mapato yameporomoka.

Kama nia ni kupunguza dizeli, kuna njia isiyoua shimo hata moja. Punguzeni upana wa njia za katikati kutoka mita 30 hadi 20. Ekari zaidi ya nne zinatoka kwenye ratiba ya kukata mara mbili kwa wiki na kuingia kwenye ratiba ya mara moja kwa wiki mbili. Mchezaji hatalalamika sana, maana nyasi zenu ni zile za Kikuyu, zenye asili ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, zinazosambaa zenyewe, zinazovumilia ukame kwa mizizi mirefu na kuushikilia mpira juu. Uga wa Riviera mjini Los Angeles, ambako gofu ya Olimpiki ya 2028 imepangwa kuchezwa, una njia za nyasi hizo hizo. Tunazo bure kando ya barabara za Molo na Kericho, na bado kuna klabu zinaota mbegu za kuagiza.

Hadi hapa nimezungumzia matumizi. Lakini klabu yako haikufikishwa hapa na matumizi peke yake. Imefikishwa na watu waliotoweka, na hapa ndipo ninapotaka tukae.

Ni nani waliokuwa wakilipa? Walimu wakuu, maafisa wa benki, madaktari, maafisa wa kaunti, wakandarasi. Mwenye mshahara sasa anakatwa asilimia 1.5 kwa mpango wa nyumba wa serikali na asilimia 2.75 kwa bima ya afya ya jamii, juu ya kodi na NSSF iliyoongezwa. Mkandarasi naye anasubiri kaunti imlipe kazi aliyoimaliza zamani. Watu hawa hawajauchukia mchezo. Kilichowashinda ni kulipa kiasi kikubwa kwa mkupuo mmoja mwezi wa Januari, wakati karo ya shule inagonga mlango. Na wengi wao hawana tena Jumamosi nzima. Raundi ya 18 hula saa nne hadi nne na nusu, ukiongeza safari na mlo ni siku imekwisha. Mchezo ulikuwa unauzwa kwa mwaka na kwa siku nzima, wakati mteja ana pesa za wiki na muda wa jioni.

Nataka uitazame jioni hiyo kwa makini, kwa kuwa ni mali ambayo klabu za huku hazijawahi kuihesabu. Tuko kwenye Ikweta. Kule Scotland, Desemba, jua limeshazama kabla ya watu kutoka kazini. Kisumu, Kakamega, Nandi Hills, jua hutua kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro, mwaka mzima, Januari kama Julai. Mtu anayetoka ofisini saa kumi na moja akafika kwenu saa kumi na moja na dakika kumi ana saa moja na nusu ya mwanga. Mashimo tisa kamili yatamshinda, maana yanataka saa mbili. Mashimo tisa mafupi anayamaliza na anatembea kurudi klabuni akiona njia. Hakuna msimu wa kufunga, hakuna theluji. Kikwazo ni mvua ya alasiri, na wewe unaijua kuliko mimi: Kakamega na Nandi wingu hukusanyika baada ya saa nane na kumwaga. Kwa sababu hiyo kwenye hesabu zangu nitahesabu majuma 40 tu kwa mwaka.

Mzunguko huu mfupi hauhitaji ardhi mpya. Kwa kila shimo, chagueni mahali penye usawa, mita 70 hadi 120 kabla ya grini, na mhesabu hapo ndipo tii ya jioni. Mchezaji anatembea uga wote lakini anapiga kutoka karibu, na anashambulia grini zile zile mnazozikata kila siku. Anahitaji fimbo tatu: chuma namba saba, weji ya kuinua mpira na pata ya kuusukuma kwenye grini. Klabu ikinunua seti chache za mitumba na kuzikodisha, mgeni anakuja mikono mitupu na viatu vya raba. Wagawieni muda: Jumatatu hadi Alhamisi, kuanzia saa kumi na nusu, uga ni wa mzunguko mfupi, asubuhi na mwisho wa wiki ni wa wanachama kwa urefu kamili. Msichanganye. Mtu anayepiga mita 200 nyuma ya mama anayejifunza ni ajali inayosubiri siku yake.

Bei iwe kama ya vijana wanaokodi kiwanja cha soka cha nyasi bandia, wanaochanga na kulipia saa. Hapo wamekwisha kutufundisha kwamba Mkenya mwenye shilingi chache hulipia mchezo kwa furaha akijua anapata nini na kwa muda gani. Tuseme shilingi 400 kwa mtu, zilipwe kwa M-Pesa langoni, mia tatu za klabu na mia za kedi, kijana anayembebea mchezaji fimbo. Makundi ya watu wanne yakitoka kila baada ya dakika kumi kwa muda wa saa moja, ni watu 24. Chukua nusu tu, watu 12. Kwa siku nne ni 48, klabu inabaki na shilingi 14,400 kwa wiki, na kwa majuma 40 ni shilingi 576,000. Si utajiri. Lakini linganisha na idadi ya ada zisizolipwa kwenye daftari lako, na ukumbuke kwamba kwa pesa hizi hamjaongeza grini hata moja.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo wengi hulisahau wanapofupisha uga, na linawarudia baada ya miezi mitatu. Kwenye shimo refu mchezaji huweka mpira juu ya kijiti na kuupiga kwa draiva, fimbo ya masafa marefu. Nyasi haiguswi sana. Kwenye shimo fupi kila mtu anapiga kwa fimbo ya chuma, na chuma hung'oa kipande cha nyasi kila pigo. Tii ndogo hugeuka udongo mtupu kabla ya Pasaka. Kanuni tunayoitumia ni mita za mraba 20 za tii kwa kila raundi 1,000 za mwaka kwenye shimo fupi. Ninyi mtakuwa na raundi zipatazo 1,900, kwa hiyo kila tii iwe na mita za mraba 40, tuseme mita tano kwa nane. Alama za kupigia zihamishwe kila siku kutoka upande mmoja hadi mwingine, kama vile anayepanda mistari ya mahindi, na ndoo ya mchanga na mbegu iwekwe pale pale, si stoo.

Grini nazo zitapigwa mabomu. Mipira yote inatua kutoka juu, na kila mpira unaacha kidonda. Wafundisheni wageni siku ya kwanza kabla hata ya kushika fimbo. Wengi huchomeka uma mdogo wa kutengenezea grini katikati ya kidonda na kuinua udongo kwenda juu. Hapo wanakata mizizi na pale panabaki doa la kahawia kwa wiki tatu. Sawa ni kuchomeka pembeni, nje ya kidonda, na kuusukuma udongo kwenda ndani, upande huu, upande ule, mzunguko mzima, kisha kukanyaga taratibu kwa soli. Kikishughulikiwa mara moja, kidonda hupona kwa siku chache. Na kile kikombe cha shimo chenyewe, chenye upana wa milimita 108, kihamishwe kila asubuhi wakati wa msimu wa watu wengi. Mtunza uga wenu akisema mara mbili kwa wiki inatosha, mwonyeshe nyasi za kuzunguka shimo zilivyolala.

Utaambiwa na mjumbe aliyesafiri kwamba Marekani uga mfupi umekuwa mtindo. Ni kweli. Bandon kule Oregon ilifungua uga wa mashimo 13 mafupi mwaka 2012. Pinehurst ikafungua wa tisa mwaka 2017, wenye yadi 789 tu, na watu wanaupenda sana. Furahini kwa ajili yao lakini msiige hesabu zao. Kule uga mfupi ni kachumbari pembeni ya nyama: mgeni amelala hotelini, amelipa uga mrefu, anamalizia jioni kwa mpira mfupi. Pesa ziko vyumbani. Ninyi hamna vyumba. Funzo la kuchukua kwao ni kwamba mchezaji mzuri haoni aibu kucheza uga mfupi ukiwa umetunzwa vizuri. Kuna funzo la pili, la miaka ya 1980: Jack Nicklaus alibuni uga mfupi katika kisiwa cha Grand Cayman na ukatengenezewa mpira maalum unaoruka kama nusu ya masafa ya kawaida. Wazo zuri, ardhi ndogo, ila halikuenea, na mimi naamini sababu mojawapo ni kwamba lilimtaka mchezaji abadilishe kifaa anachokijua. Mzunguko wenu utumie mpira ule ule, grini zile zile, sheria zile zile.

Sasa makedi. Hujawataja kwenye barua, na nahisi ni kwa sababu kamati nayo haikuwataja. Raundi ikiwa fupi na fimbo zikiwa tatu, mchezaji atabeba mwenyewe, na kijana aliyekuwa akipata riziki yake kwa kubeba begi la mashimo 18 atarudi nyumbani mikono mitupu. Ndiyo maana nimetenga ile mia. Kedi mmoja aongoze kundi la wanne, si kwa kubeba bali kwa kufundisha: namna ya kushika fimbo, mahali pa kusimama, namna ya kutibu kidonda cha grini. Anaondoka na shilingi 400 kwa saa moja na nusu. Makedi wenu wanaujua uga kuliko mwanachama yeyote, na baadhi yao wanapiga mpira vizuri kuliko nahodha. Wapeni fulana, majina kifuani, na orodha ya zamu isiyopendelea mtu. Mzunguko mfupi usio na makedi mtaupata kwa urahisi. Lakini mtapata pia uadui wa kijiji kizima kilichopakana na ua wenu.

Wanawake na watoto hali kadhalika. Klabu hizi zilianza kwa kumfungia Mwafrika nje, kisha zikaendelea kwa muda mrefu kumchukulia mwanamke kama mgeni wa mumewe. Wewe ni mweka hazina, kwa hiyo kwenu kuna kilichobadilika. Endeleeni. Shule ya jirani ikija Jumatano jioni na watoto 20, toza nusu bei. Hao ndio watakaokuwa na miaka 30 siku ambayo wanachama wenu wa sasa watakuwa wameacha kutembea.

Nimeacha ardhi mwisho kwa sababu ndipo ninapoogopa. Lile kundi la kukodisha kipande cha barabarani litakuja na mwekezaji mwenye maneno matamu: maduka, kituo cha mafuta, kodi ya kila mwezi. Kabla hamjamkaribisha chai, tafuteni hati ya ardhi na muisome sharti la matumizi. Viwanja vingi vya klabu viko kwenye ukodishaji wa muda maalum kutoka serikalini, na mara nyingi ardhi ilitolewa kwa ajili ya michezo na burudani. Kuitumia kwa biashara kunahitaji idhini ya kaunti ya kubadilisha matumizi, chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, na ombi hilo hutangazwa hadharani ili mwenye pingamizi aseme. Mkiomba kubadilisha kipande, mmejiandikia wenyewe kwamba sehemu ya uga haihitajiki kwa michezo. Mwenye jicho na sehemu iliyobaki ataisoma barua hiyo kwa furaha. Angalieni pia ukodishaji unaisha lini. Ikiwa imebaki miaka michache, kuomba uongezwe ni kazi ya dharura kuliko nyasi, kuliko mashine, kuliko haya yote niliyoandika.

Kuhusu kuanza, msijenge chochote kwanza. Januari, mvua ikiwa imekatika, pimeni sehemu tisa, chorini mistari ya chokaa juu ya nyasi zilizopo, wekeni bango langoni lenye bei na saa, na mwambieni kila mwanachama alete mtu mmoja ambaye hajawahi kushika fimbo. Weka daftari langoni: siku, saa aliyoingia, amelipa kiasi gani, ni mgeni mpya au wa kurudi. Safu ya wanaorudi ndiyo ya kuangaliwa, kwa kuwa mara ya kwanza watu huja kwa udadisi. Mwishoni mwa Machi, kabla masika hayajakolea, ipeleke daftari hiyo kwenye mkutano. Wastani ukiwa watu wanane au zaidi kwa jioni, na theluthi yao wamerudi, chimbeni tii za kudumu zile za mita tano kwa nane wakati ardhi ina unyevu na nyasi zinashika upesi. Ukiwa chini ya hapo, shusheni bei hadi 250 na mjaribu tena Juni kabla ya kugusa uga.